Sita Tatu za Kaburi la Papa

Papa,

Wamekufuta, baba yangu. Nianze na hilo kabla ya salamu, maana salamu zimenikwama kooni tangu nilipotoka makaburini kule mjini Baraka, na nikizisubiri zishuke sitaandika kitu. Namba yako iliyo juu ya kaburi imenyofolewa katikati. Zile sita tatu hazipo. Mahali pake pamejazwa saruji na kusawazishwa vizuri, na aliyefanya hivyo hakuwa na haraka.

Sasa nimerudi Fizi. Nimekaa chumbani kwangu nyuma ya shule na rundo la mitihani ambayo sijaisahihisha, na hasira niliyo nayo inatosha mlima huu wote. Uliniambia zamani kwamba mwalimu mwenye hasira asishike kalamu nyekundu, ataonea watoto. Basi nimeshika ya buluu.

Acha kwanza niiandike nzima, kwa sababu leo haipo mahali pengine popote nyumbani kwetu ila kichwani mwangu:

1000000000000066600000000000001

Moja, sifuri kumi na tatu, sita tatu, sifuri kumi na tatu, moja. Nikiitamka hivyo nasikia sauti yako ikiitangulia yangu.

Siku ulipoileta nilikuwa uani naosha sahani. Ulikuwa umetoka Lusenda, kwa yule rafiki yako Mrundi aliyekuwa akifundisha watoto wa kambi ya wakimbizi, na ulipita mlangoni bila hata kumsalimia Mama. Ukaokota kipande cha makaa, ukaiandika kwenye ukuta wa jikoni ambao Mama alikuwa ameupaka chokaa wiki ileile. "Soma kutokea huku," ulisema. Nikasoma. "Sasa soma kutokea kule." Nikasoma, ikawa ileile. "Haya. Sasa igawe." Mama alitoka na mwiko wa bugali mkononi, akautazama ukuta wake, akakutazama wewe, akarudi ndani. Hakuuliza zile sita ni za nini. Siku hiyo hakuna aliyeuliza.

Tuligawa kwa miaka, Papa. Wengine walicheza karata na baba zao, sisi tuligawa. Mbili na tano hazikuhitaji hata kujaribiwa, mkia wa moja unazifukuza. Tatu tulijumlisha tarakimu zote tukapata ishirini, na tatu haiingii ishirini. Saba ilitutoa jasho. Kumi na moja ulinifundisha njia yake ya mkato: tarakimu ya kwanza inaingia, ya pili inatoka, ya tatu inaingia, ya nne inatoka, mpaka mwisho, na kama kilichobaki ni sifuri au kinagawanyika kwa kumi na moja, basi namba nzima inagawanyika. Tulifanya hivyo kwa vidole kwenye ukuta. Walioingia na waliotoka hawakulingana. Ukajipiga paja ukapaza sauti: "Imekataa!" Majirani walidhani tunasikiliza mpira kwenye redio.

Kila mara baki lilipobaki, uliruka. "Imekataa!" Kumi na tatu, imekataa. Kumi na saba, imekataa. Mtu gani anafurahi hivyo kwa sababu hesabu haikutoka? Mimi nilimjua mmoja tu.

Halafu ukaniambia ukweli. Ukasema namba ikivunjika vipande viwili, kimoja lazima kiwe kidogo, hakiwezi kuzidi kipeuo cha pili cha namba yenyewe, kwa hiyo hatuhitaji kujaribu namba zote, tunaishia hapo kwenye kipeuo. Nikafurahi, nikadhani tumekaribia. Ndipo ukasema hapo kwenye kipeuo ni namba yenye tarakimu kumi na sita. Mimi na wewe na watoto wangu na watoto wao, tukigawa bila kulala, tusingefika. Mashine za mbali zilikuwa zimeshathibitisha kwamba ni namba tasa, hakuna kinachoigawa ila moja na yenyewe. Nilikuuliza kwa hasira, maana hasira hii sikuianza leo, kwa nini basi tunahangaika. Ulisema: "Mashine imejua. Sisi bado."

Uliipenda mpaka ukaiandika darasani kwako juu ya ubao, kwa rangi nyeusi, ukuta hadi ukuta. Watoto waliiimba wakiingia. Ulikuwa ukiwaonyesha kwamba tarakimu zake ni thelathini na moja, na thelathini na moja nayo ni tasa. Kwamba sifuri za kila upande ni kumi na tatu, tasa vilevile. Na kwamba thelathini na moja ukiigeuza inakuwa kumi na tatu. Hapo ulikuwa ukicheka peke yako kama mtu aliyekumbuka utani wa ujana. Watoto walikuwa wakicheka kwa sababu unacheka.

Kisha Shemasi akaiona. Shemasi wetu, jirani wa nyumba ya pili, ambaye watoto wake wote wamepita mikononi mwako. Alikuja kwenye mkutano wa wazazi, akainua macho, na Jumapili iliyofuata mahubiri yalikuwa ya mnyama wa Ufunuo na chapa yake, mia sita sitini na sita. Jina lako hakulitaja. Hakuhitaji, watu wote waligeuza shingo kwenye benchi letu. Mama alikuwa mbele kwenye kwaya, amevaa kitenge cha sare, na nilimwona akiangalia viatu vyake.

Ulinijibu kwa neno moja tu tulipofika nyumbani: "Shetani hana chifre yake, hana namba. Zote ziko za Mungu." Ukala ndakala zako, vidagaa vya chumvi, ukalala. Lakini Papa, sisi wengine hatukulala!

Presha ilipokulaza kitandani, Shemasi alikuja na watu wake kukuombea. Akakwambia ungama, ukatae ile namba, utapona. Ulifumbua macho ukamwambia: "Sita iko mbili mara tatu. Mi nikatae nini hapo?" Nilitamani kupiga makofi. Mama aliziba mdomo kwa mkono. Ulikufa wiki hiyohiyo, na kuanzia sokoni mpaka ufukweni Baraka yote ilijua kilichokuua. Si moyo, si chumvi uliyokatazwa na daktari ukaendelea kula. Ni namba.

Sasa nikueleze kilio chako, maana hukukiona. Unajua kilio chetu kinavyokuwa. Watu wanajaa mpaka uani, wanalala hapohapo kwenye mikeka, sufuria za sombe, majani ya muhogo, haziteremki motoni, na bamama ba kwaya wanaimba mpaka mjane asahau kwamba amebaki peke yake. Mama ameimba kwenye vilio vya watu tangu mlipooana. Hakuna nyumba mtaani kwetu ambayo hakuiimbia. Kwenye cha kwako, mkeka ulikuwa na Mama, mimi, shangazi wawili, na nafasi. Wanafunzi wako walikuja. Warundi wa Lusenda walikuja kwa miguu, wakakaa kwa heshima. Lakini kitenge cha kwaya hata kimoja hakikuingia mlangoni. Nilimsikia Mama akianza wimbo mwenyewe, akafika mahali ambapo wenzake huwa wanapokea, hakuna aliyepokea, akanyamaza. Hilo sitawasamehe.

Baada ya mazishi, prefe, mkuu wa shule yako, alipaka chokaa darasani. Hakuniambia, nililisikia huku Fizi kwa mwanafunzi. Alisema ni usafi tu, na ukuta mwingine wote ameuacha na uchafu wake!

Ndipo nikasema, haya, chokaa mnayo, tuone kama mna cha kufuta saruji. Ulishaniagiza: "Musiniandikie mistari mingi. Jina na namba, basi." Siku ya kujengea kaburi nilimleta fundi Asukulu, unamkumbuka, yule uliyemfelisha mara mbili na bado anajisifu kwamba ni mwanafunzi wako. Alimwaga saruji, akaisawazisha vizuri, akaandika jina lako kwa msumari. Sifuri alizipiga kwa kizibo cha chupa, moja baada ya nyingine, mviringo kamili, mimi nikimhesabia kwa sauti. Sita tatu nilizichora mwenyewe. Mama alisimama pembeni ameshika beseni ya maji ya fundi, hakusema neno. Nikadhani ananyamaza kwa kukubali. Nikapanda moto, pikipiki ya abiria, kurudi Fizi kabla ya mvua, nikiwa nimejaa kiburi, Papa, na kiburi kile kilikuwa kitamu.

Juzijuzi nimeshuka Baraka, nikakuta pengo.

Nilikaa juu ya kaburi la jirani yako, nikatoa karatasi. Usishangae, ningefanya nini kingine? Nilichokiona ni moja, sifuri kumi na tatu, mahali laini, sifuri kumi na tatu, moja. Ukisoma kilichobaki bila pengo ni moja, sifuri ishirini na sita, na moja. Nikaanza na kumi na moja, kwa vidole, kama ukutani jikoni. Moja ya mwanzo inaingia. Sifuri zote ni sifuri, zinaingia na kutoka bila kitu. Moja ya mwisho inatoka. Mmoja kaingia, mmoja katoka, kimebaki sifuri.

Imekubali.

Nikajaribu saba, ikakubali. Kumi na tatu, ikakubali. Papa, zote tatu zimeingia! Namba ambayo mimi na wewe tuliisukuma miaka yote ile bila kuitikisa, sasa hata mtoto wa darasa la pili anaivunja na kiberiti cha kuhesabia. Walidhani wanatoa uchafu wakabakiza kilicho kitakatifu. Kumbe zile sita ndizo zilizokuwa zimeishikilia isigawanyike. Nililia kwa sauti mpaka mchimba kaburi akaja kuniuliza kama ni msiba mpya.

Nilikwenda moja kwa moja kanisani. Ilikuwa Jumapili, watu wanatoka. Nilimkuta Shemasi mlangoni anapeana mikono, nikamwambia mbele ya wote nilichokuwa nacho. Sitakiandika hapa, wewe hukunilea hivyo. Alisema si yeye. Aliapa. Kisha, kwa ule utulivu wake unaonipandisha presha kuliko matusi, akanipa ushauri: kama nafasi inanisumbua, niweke saba tatu, saba ni tarakimu ya Mungu. Au sifuri tatu, zisizomdhuru mtu.

Sifuri tatu! Nilimwambia palepale kwamba ukijaza sifuri, mia moja na moja inaigawa bila baki. Alinitazama kama anayetafuta pepo ametokea upande gani. Na saba zake nilizijaribu jioni ile, nakuambia wewe tu. Tatu ilikataa. Saba yenyewe ilikataa, kumi na moja ikakataa, kumi na tatu ikakataa. Nikatupa karatasi kwenye mafiga. Siku ambayo Shemasi atapatia namba tasa kwa bahati, mimi sitaki kuwepo.

Wakati namfokea, Mama alinivuta kitenge kwa nyuma. Alinivuta mpaka nyumbani. Tulipofika alikaa kwenye kigoda cha jikoni, chini ya ule ukuta wako, uliokwisha kupakwa chokaa upya, akasema: "Acha kupigia bantu makelele. Ni mimi nilifuta."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia. Siku ileile nilipopanda moto, saruji ikiwa bado mbichi, alirudi makaburini na mwiko wa fundi na konzi ya saruji aliyoibakiza fundi. Alizijaza sita zangu moja moja, akazilainisha kwa kidole na mate. Mama yangu, Papa. Mke wako.

Nilimuuliza amewezaje. Aliniambia: "Papa yako alikuwa na namba yake. We uko na shule yako kule Fizi. Mi niko na nani? Ni bale bamama." Walikuwa wamemwambia kwamba siku sita zile zitakapoondoka, watakuja. Na wamekuja. Wamemwimbia kilio chako kwa kuchelewa, nyumba ilijaa, sombe ilipikwa. Amerudi mstari wa mbele kwenye kwaya. Aliniambia hayo na uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyetoka kuoga. Nilitamani kufurahi pamoja naye, nikashindwa.

Nikamfanyia hesabu ukutani kwa makaa. Nikamwonyesha kwamba amemwacha Papa agawanyike, kwamba sasa saba inaingia, kumi na moja inaingia, kumi na tatu inaingia. Alisikiliza mpaka mwisho, maana umemzoeza. Akauliza: "Saba inaingia?" Nikasema ndiyo, Mama, saba inaingia! Akasema: "Saba iko ya Mungu. Basi iko muzuri."

Cheka. Najua unacheka. Mimi sijaweza.

Na wewe nina neno nawe, usidhani umepona kwa kuwa umekufa. Nilitafuta namba yako kwenye simu. Wataalamu wa mbali wameipa jina la pepo, jina la jehanamu kabisa, kwa kujifurahisha. Ulijua? Nadhani ulijua, maana ulikwepa nilipokuuliza kama ina jina. Wao wanaita pepo, wanacheka, wanakunywa chai, na hakuna anayewaachia mkeka mtupu. Namba tasa hazina mwisho, ulinithibitishia mwenyewe kwa mistari michache nikiwa na miaka kumi na mbili. Hazina mwisho, Papa! Ungechukua nyingine yoyote. Ulichukua hii kwa sababu ulitaka kutuonyesha kwamba woga si hoja. Ulikuwa na haki. Lakini Mama ndiye aliyebaki kulipia haki yako kwenye ule mkeka, na hukuwahi kumuuliza kama anataka. Hata ukuta wake wa chokaa hukumuuliza.

Hilo ndilo linanichoma. Nilitaka adui, nikampata, nikamfokea mbele ya kanisa zima, na kumbe mkono wenyewe ni ule ulionilisha. Shemasi sijamwomba radhi, wala sitamwomba. Mahubiri ni yake, hata kama mwiko haukuwa wake.

Nilimwambia Mama nitarudi na fundi Asukulu na patasi, nitazichonga sita upya, apende asipende. Hakukasirika. Alikuwa akichambua maharage, hakuinua hata kichwa. Akasema: "Ngoja kidogo. Siku mi nitakufa, munizike pembeni yake, kisha uandike sita zako, hata mia. Sitakuwa tena na bantu ba kuogopa."

Nilikuja nayo maneno hayo mpaka Fizi, njia nzima ya mabonde yale, nimeshika mgongo wa dereva wa moto na meno nimeyauma. Maana ameniweka mahali pabaya, Papa, mwanamke asiyejua kugawa. Ili namba yako iwe nzima, lazima yeye aondoke. Nikitamani moja, nimetamani na lingine. Nimelizungusha kila upande kama ulivyonifundisha, nimelisoma kutoka mbele na kutoka nyuma, linasomeka vilevile.

Kwa hiyo kaa na pengo lako. Kaa nalo, na saba ikugawe, na kumi na moja, na kumi na tatu, na watoto wa darasa la pili wote. Bado nina hasira nawe, na naye, na wale wanaoimba vizuri hivyo baada ya kuchelewa. Lala, Papa. Patasi ninayo, nimeifunga kwenye kitambaa chini ya kitanda, na nakuahidi nitazichonga zote tatu kwa mkono wangu. Nakuahidi pia kwamba sitaharakisha.

Kila asubuhi kabla ya kengele napanda kwenye kile kichuguu nyuma ya biro, ofisi ya shule, ndipo simu inaposhika, nampigia Mama. Inaita, inaita, naanza kuogopa. Halafu anaitika, anauliza kama nimekula. Ninamjibu. Na nikishakata simu, kwa kuwa leo pia yeye amebaki, nasema peke yangu kwa sauti, walimu wenzangu wanadhani nimechanganyikiwa:

Imekataa.

Binti yako,
Riziki